MAMBO YA NYUMBANI: Mbwa Mkorofi na Paka wa Nyumba Moja

 

Tumepokea barua ya mwalimu mmoja, ambaye ametuomba tusilitaje jina lake. Nyumbani mwake mna mbwa mmoja na paka wawili. Mbwa ni mlinzi hodari. Tangu alipoletwa hakuna kuku aliyeibwa usiku. Paka nao wana kazi yao, maana kabla yao panya walikuwa wakila mahindi ghalani na kutafuna hata madaftari ya shule. Lakini mbwa huyo ana vituko vingi. Hufunua vyungu, huiba nyama, hula chakula cha paka, huwafukuza paka wenyewe mpaka juu ya paa, na viatu vya Jumapili vya mama mwenye nyumba amevitafuna hata havivaliki tena. Mama amechoka. Mwalimu auliza: je, ni vibaya wakimwua? Maana wamempiga sana, wala haonyeki. Na mwisho wa barua ameongeza neno dogo lililotugusa kuliko mengine yote, kwamba mwanawe wa miaka sita amelisikia shauri hilo, na tangu siku hiyo huondoka kitandani usiku akalala barazani karibu na mbwa, asije akauawa gizani.

Twamjibu hapa mbele ya wote, kwa kuwa twajua nyumba hiyo haiko peke yake. Tena twajibu kama watu waliokosa wenyewe, si kama watu wasiokosa.

Miaka kadhaa iliyopita nasi tulikuwa na mbwa wa namna hiyo. Siku moja tulipata mgeni. Samaki waliokaangwa waliwekwa katika sinia juu ya kibao, na mpishi akatoka kwenda kuchuma ndimu. Aliporudi sinia ilikuwa tupu, na mbwa amelala mbali chini ya mwembe. Tukamwita. Akaja mbio akitikisa mkia. Tukamshika, tukamwonyesha sinia, tukampiga kwa ufito hata akalia. Mgeni wetu alikula ugali kwa mchicha. Siku ya tatu mbwa akaiba tena, nasi tukamzidishia fimbo. Mwezi ulipokwisha wizi haukupungua hata kidogo, ila mambo mawili yalikuwa yamezidi: mbwa hakuja tena alipoitwa, naye alianza kunguruma kila mtoto alipopita karibu naye wakati wa kula. Hapo ndipo tulipoogopa. Kumbe tulikuwa tumemfundisha kweli, lakini si somo tulilolikusudia. Tulimfundisha kwamba kuitwa ni kupigwa, na kwamba mkono wa mtu ukaribiapo chakula ni mkono wa kuogopwa.

Watu wengi husema, “Mbwa ajua kosa lake, mtazame anavyoinamisha kichwa.” Nasi tulisema hivyo. Lakini mwaka 2009 bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima neno hilo kwa mbwa 14 na wenyewe. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake asile kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kwamba mbwa amekula, au kwamba hakula. Na mara nyingine aliambiwa lisilo kweli. Ilionekana kwamba mbwa waliinamisha vichwa na kugeuza macho zaidi walipokaripiwa, wawe wamekula au hawakula. Basi uso ule tuuitao uso wa hatia ni uso wa mbwa aliyeona hasira yetu. Haukiri kosa; waomba amani tu.

Mbwa huliunganisha tendo lake na jambo lifuatalo papo hapo. Jambo lijalo baada ya robo saa, kwake halina uhusiano na lililotangulia. Mtoto aweza kuambiwa, “Nakuadhibu leo kwa kosa la jana,” naye akaelewa. Mbwa hawezi kuambiwa hivyo. Kwa hiyo fimbo ipigwayo baada ya wizi haimponyi mwizi. Humpoza mpigaji hasira tu. Tukikumbuka hili, nusu ya fimbo zote nyumbani mwetu zitawekwa chini.

Je, tufanye nini basi? Jambo la kwanza ni kumwondolea mbwa nafasi ya kukosa. Mbwa aliyepata samaki kwenye kibao mara moja amelipwa mshahara, naye atarudi kazini kesho. Kila mara asipokuta kitu, tamaa hupungua. Kwa hiyo nyama na samaki viwekwe kabatini, au katika kapu lililotundikwa juu, wala si chini ya kawa peke yake, maana kawa huzuia nzi, haizuii pua ya mbwa. Chungu kifunikwe na jiwe liwekwe juu yake. Mifupa na mabaki ya jikoni yafukiwe au yatiwe katika pipa lenye kifuniko. Mayai yaokotwe asubuhi na jioni, asije mbwa akajifunza njia ya viota. Viatu vipandishwe juu. Katika nyumba yetu jambo hili moja lilipunguza ugomvi kuliko mafundisho yote, nalo lilitufundisha kitu kilichotutia haya: aliyekosa kwanza hakuwa mbwa, bali ni sisi tulioacha samaki usawa wa pua yake.

Zaidi ya hayo, tusimlipe mbwa kwa mkono mmoja na kumkemea kwa mkono wa pili. Wasomaji wanamkumbuka yule mama mgeni aliyemwendea Bwana wetu kumwombea binti yake, akataja mbwa walao makombo yaangukayo chini ya meza. Ni wazi kwamba hata zamani zile mbwa walikaa karibu na watoto wakati wa chakula, wakingoja. Hawajabadilika. Ikiwa mtoto humtupia mbwa tonge wakati wa kula, na baba humpiga teke kwa sababu ya kuombaomba, mbwa atajua nini? Atajua tu kwamba yampasa kukaa upande wa mtoto. Basi nyumba yote na ipatane. Mbwa apewe chakula chake katika kopo lake, mahali pake, saa zake, mara mbili kwa siku, wala mtu asimsumbue alapo. Jamaa walapo, yeye na akae mbali, na asipewe kitu mpaka watu wamekwisha. Neno la kumkataza liwe moja tu, kama “Acha.” Baba akisema “Acha,” mama “Toka,” na watoto “Ninyi,” mbwa husikia kelele tatu, wala hapati amri hata moja.

Neno hilo “Acha” lafundishwa hivi. Shika kipande cha chakula ndani ya ngumi iliyofumbwa. Mbwa atanusa, atalamba, atakwaruza. Usiseme kitu, usifumbue mkono. Mara atakapogeuza pua yake pembeni, hata kidogo, mpe kipande kingine kwa mkono wa pili na kumsifu. Baada ya siku chache atageuka upesi. Ndipo uanze kulitamka neno. Dakika tano asubuhi na dakika tano jioni zatosha. Mtoto wa miaka kumi aweza kuifanya kazi hii mbele ya mkubwa, na twaona ni mafunzo mema kwa mtoto pia, maana hujifunza kuongoza pasipo kuumiza.

Sasa twende kwa paka. Watu hudhani kwamba mbwa na paka wamezaliwa maadui. Sivyo hasa. Mara nyingi hawaelewani lugha. Mbwa atikisapo mkia kwa ulegevu, mara nyingi amefurahi; paka apigapigapo mkia huku na huku amekasirika. Mbwa alalapo chali mbele ya mwenziwe mara nyingi asema, “Nimekubali, usinidhuru.” Paka ashambuliwaye akilala chali, makucha yake yote manne yako tayari. Mbwa huinua mguu wa mbele kumwalika mwenziwe kucheza. Paka huona mguu ule kuwa kofi lijalo. Tena kitu chochote kikimbiacho mbele ya mbwa huamsha ndani yake hamu ya kufukuza. Paka hukimbia kwa kuwa mbwa amekuja, na mbwa huja mbio kwa kuwa paka amekimbia. Hivyo mchezo hauna mwisho.

Dawa yake ni kumfanya paka asilazimike kukimbia. Mpe mahali pa juu. Katika nyumba zetu hili si gumu: uchaga, dari, ubao uliopigiliwa ukutani, au dirisha lenye ukingo mpana. Paka akiwa na mahali anapoweza kupanda kwa hatua mbili na kuketi akimtazama mbwa kutoka juu, hofu yake hupungua. Tundu dogo mlangoni, apitalo paka lakini lisilopita mbwa, lafaa vilevile.

Chakula cha paka nacho kipandishwe huko juu. Neno hili si la kuzuia ugomvi tu, bali lahusu uzima wake. Mwili wa paka wahitaji kitu kiitwacho taurini, kilichomo katika nyama na samaki. Mbwa kwa kawaida huweza kujitengenezea mwilini mwake. Paka hawezi kujitengenezea cha kumtosha. Akikikosa kwa muda mrefu macho yake huharibika na moyo wake hudhoofika. Basi mbwa akila dagaa wa paka kila siku, na paka akabaki na ugali mtupu, paka yule anadhulumiwa kweli. Wala tusishike shauri la wale wasemao kwamba paka lazima alale njaa ndipo awinde panya. Paka aliyekula pia huwinda, tena ana nguvu za kufanya hivyo.

Jambo jingine twaliandika bila haya, maana akina mama huliuliza kwa siri: kwa nini mbwa hula kinyesi cha paka? Kwake kina harufu ya chakula kilichojaa nyama. Hamwezi kumfanya aone aibu. Ikiwa paka wenu hutumia sanduku la mchanga, liwekeni paka anapofika na mbwa hafiki, na kila siku mchanga mchafu utupwe. Lakini mama mjamzito asiifanye kazi hiyo, maana katika kinyesi cha paka huweza kuwamo vijidudu viwezavyo kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Na ikiwa mbwa na paka wamekwisha kugombana, wapatanishwe polepole. Siku za kwanza wakae mbalimbali, kila mmoja akizoea harufu ya mwenziwe. Chukueni gunia alalialo mbwa mkaliweke karibu na paka, na la paka karibu na mbwa. Kisha mbwa afungwe kamba, ashikwe na mtu mzima, paka akiwa mbali mahali pake pa juu. Kila mara mbwa amtazamapo paka kisha akamgeukia mshikaji, apewe kipande cha nyama na sifa. Akivuta na kubweka, msimpige. Rudini nyuma hatua kadhaa mpaka atulie. Kesho mkaribie kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Kwetu kazi hii ilichukua wiki saba, na mara mbili tulirudi mwanzo. Msimshike paka kwa nguvu na kumpeleka mbele ya mbwa ati wasalimiane. Atamparua yeye amshikaye, na imani yote itavunjika.

Lakini twasema kweli yote. Wako mbwa wasiofaa kuachwa peke yao na paka hata siku moja. Mbwa akimwona paka akakauka mwili wote, macho yamekaza, wala hasikii jina lake wala hageuki hata kwa nyama, huyo hachezi, anawinda. Na aliyekwisha kumkamata paka na kumtikisa kwa meno asipewe nafasi ya pili. Hao wakae kila mmoja upande wake, au mmoja apatiwe nyumba nyingine njema. Njia rahisi kuliko zote ni kuwalea pamoja tangu utotoni. Mtoto wa mbwa huzoea mambo mapya kwa wepesi sana tangu wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili, na mtoto wa paka tangu wiki ya pili mpaka ya saba. Samaki mkunje angali mbichi.

Kuhusu viatu vilivyotafunwa, twauliza kwanza: mbwa ana umri gani? Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, nayo huanza kung'oka apatapo kama miezi minne. Meno 42 ya ukubwa huwa yamekamilika karibu na mwezi wa saba. Siku hizo ufizi humsumbua, naye hutafuna chochote. Mpeni kipande cha kamba nene iliyofungwa mafundo, au ngozi ngumu, na mkimkuta na kiatu mbadilishieni bila kelele. Msimpe mifupa iliyopikwa, maana hupasuka vipande vikali viwezavyo kumtoboa matumbo. Lakini ikiwa ni mbwa mzima, tazameni kama hafungwi mchana kutwa. Mbwa aliyefungwa saa kumi na mbili bila kazi wala matembezi atajitafutia kazi mwenyewe, nayo kwa kawaida haitawapendeza. Tulipoanza kumtembeza wetu alfajiri mpaka mtoni na kurudi, alilala mchana badala ya kuchimba bustani.

Kuna onyo moja ambalo hatuwezi kuliacha. Ikiwa mbwa au paka aliyekuwa mpole amebadilika ghafula, akauma watu au vitu ovyo, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza au sauti yake ikageuka, msidhani ni utundu. Huenda ni kichaa cha mbwa. Msimguse, wafungieni watoto mbali na mkawaite wakuu wa mifugo. Mtu akiumwa au akiparuliwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile akachomwe sindano. Tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomtibu kijana Joseph Meister wa miaka tisa huko Paris, ulimwengu umejua kwamba mtu aliyeumwa aweza kuokolewa kabla dalili hazijaonekana. Zikiisha kuonekana ni shida mno kupona. Lakini njia bora ni kuwachanja mbwa na paka wenyewe, na kurudia chanjo kama mganga wa wanyama aelekezavyo. Mkuu wa nyumba alipaye karo ya shule na kuisahau chanjo ya mbwa hajamaliza kuwalinda watoto wake.

Sasa twamrudia mwalimu wetu na swali lake. Ndugu, hatusemi kwamba kumwondoa mnyama wa hatari ni kosa. Kuna mbwa aumaye watoto, na kuna mgonjwa asiyepona. Kwa hao shauri ni jingine, nalo lafanywa na mganga wa wanyama, bila mateso, wala si kwa rungu na sumu usiku. Lakini mbwa uliyemweleza si wa namna hiyo. Aiba kwa sababu nyama iko wazi. Afukuza kwa sababu paka hana pa kupanda. Atafuna kwa sababu hana kazi. Kumwua kwa makosa hayo ni kumlipisha yeye deni la nyumba. Mungu alipompa mwanadamu mamlaka juu ya wanyama, hakumpa ruhusa ya hasira. Mamlaka ni uangalizi, na mwangalizi huulizwa.

Tena mtazame mwanao. Sisi tufundishao twajua kwamba watoto husahau mengi tusemayo, lakini hawasahau tuwatendeavyo wale walio dhaifu kuliko sisi. Mtoto alalaye barazani ili amlinde mbwa amekwisha kuelewa jambo ambalo sisi tulilielewa kwa kuchelewa. Usimkemee kwa hilo. Mwite leo, kabla jua halijachwa, umwambie kwamba mbwa hatauawa, kisha umpe yeye kazi ya kumpa mbwa chakula kila jioni, wewe ukisimama karibu.

Mbwa wetu aliishi nasi mpaka akazeeka. Tulikaa muda mrefu kabla hajaanza tena kuja alipoitwa, nasi tulistahili kungoja. Kunguruma kulikoma tulipoanza kumwongezea kipande kizuri katika kopo lake kila tulipopita, mpaka akaona kwamba mkono wa mtu huleta, hauchukui. Kazi hiyo tuliifanya sisi wakubwa. Watoto hawakuruhusiwa kumkaribia alapo. Paka hakumpenda kamwe, wala yeye hakumpenda paka; walivumiliana tu, mmoja uani na mmoja dirishani, na kuvumiliana huko kulitosha kwa amani ya nyumba. Aliiba mara moja tu baadaye, sikukuu ya Krismasi, tulipoacha kabati wazi. Siku hiyo hatukumpiga. Tulilifunga kabati.

Mwalimu, tuandikie baada ya miezi mitatu utueleze mambo yalivyokwenda. Na wasomaji wengine walio na njia walizozijaribu wenyewe, watuletee nasi tuzisome. Kwaherini hadi mwezi ujao, na amani ikae nyumbani mwenu, kwa watu na kwa wanyama.